Safu ya Usiku

Watu wakiniuliza nilipataje shahada ya pili ya hesabu zama ambazo wenzangu wenye shahada ya kwanza walihesabika kwa vidole, huwajibu kwamba niliipata kwa jeuri. Wanacheka, wanadhani nataka sifa. Jeuri ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ya kusifiwa, na nimechoka kusikia ikisifiwa mbele yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Uganda, nafundisha hesabu katika shule moja mjini Tanga, nimepanga chumba Ngamiani kwa mama mmoja mwenye asili ya Oman ambaye hakuniamini kwa lolote, hata kufunga mlango. Mimi ni mtu wa milimani. Wazee wangu ni Walutheri waliolima viazi na kahawa Usambara, na walinilea nijue kwamba mtu aliyekaa kitako mchana ni mgonjwa au mwizi. Kwa hiyo niliposhuka pwani nikakuta wanaume wamejaa barazani tangu alasiri, niliwadharau wote kwa pamoja, na sikuona haja ya kumchambua mmoja mmoja.

Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikubali kuniandikisha kwa shahada ya uzamili, nikiwa huku huku, kwa barua. Somo langu lilikuwa zile hesabu zinazotoka nje ya daftari na kushika vitu vya dunia: maji, upepo, joto, nguvu za madaraja. Msimamizi wangu alikuwa Mwingereza ambaye sikuwahi kumwona uso. Nilimjua kwa mwandiko wake mdogo uliobanana, na kwa tabia yake ya kunijibu maswali matatu kwa sentensi moja. Barua yake ya kwanza ilisema ana mashaka kama mtu aliye mbali na maktaba na maabara anaweza kufanya utafiti wa maana. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikatembea nayo wiki nzima ili niwe na hasira ya kutosha.

Nikachagua bahari, kwa kuwa bahari haihitaji maabara. Nilitaka kuandika milinganyo inayoeleza jinsi maji yanavyojaa na kupwa katika ghuba yenye mwamba mbele yake, kama ile ya Kigombe, kijiji cha pwani kusini ya Tanga, kisha niipime kwa vipimo vya mwaka mzima, usiku na mchana. Mjini palikuwa na ofisi iliyokuwa na daftari la vipimo vya maji ya bahari. Nilikwenda kuliomba. Karani wa Kizungu hakuinua kichwa. Alisema daftari haliguswi na watu wa nje. Nje ya nini, hakusema. Nikaondoka nikiapa kwamba nitapata vipimo vyangu mwenyewe na vitakuwa bora kuliko vyake.

Ndivyo nilivyofika kwa yule mzee. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kigombe, wakati huo ameshamwachia mwanawe kufundisha watoto, na nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka majini. Wakanielekeza kwake kwa sababu mbili: alijua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu na za Kizungu, na usiku alikuwa haishi kuamka kusali. Nilimweleza kwamba nitasimamisha nguzo yenye alama za futi na inchi, naye kazi yake ni kuandika saa na kimo cha maji kila yanapojaa na kila yanapokupwa. Alikubali upesi. Alisema maji ameyatazama bure miaka sitini, si vibaya mtu mmoja akayataka.

Daftari nililipiga mistari mwenyewe. Tarehe zilishuka upande wa kushoto. Karibu nazo nikaweka safu pana, juu yake nikaandika Mchana. Baada yake safu nyingine, nikaandika Usiku. Nilimpa na saa ya mezani yenye kengele. Nilikuwa nimejiandaa, maana nilijua saa yake itasoma saa mbili pale ambapo Mwingereza husoma saa nane, na nilikuwa nimeshatengeneza jedwali la kugeuza. Nilijiona mjanja sana kwa hilo jedwali.

Mzee alilishika lile daftari akaligeuza, akaliangalia kwa muda.

"Tarehe hizi ni zenu au zetu?" akauliza.

"Za kalenda ya serikali," nikamjibu. "Januari, Februari."

"Sawa. Na usiku je, mwalimu? Usiku wauandika—"

"Usiku uandike kwenye usiku," nikamkata. "Ndiyo maana nimekupigia safu."

Lori la mkonge lilikuwa linapiga honi barabarani na mimi sikutaka kulala Kigombe. Mzee akalifunga daftari. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga wote siku ile ulikuwa upande wa aliyejibu.

Kwa mwaka mzima nilikwenda Kigombe kila mwisho wa mwezi kuchukua karatasi. Mwandiko wake ulikuwa safi, hakuna pengo hata wakati wa mvua za masika, hata mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa namsalimia, naangalia nguzo haijahama, naondoka. Sikunywa hata kahawa yake. Nyumbani nilikuwa nageuza saa kwa jedwali langu, nachora nukta kwenye karatasi za miraba, naunganisha nukta.

Na bahari ikawa inachechemea. Sina neno jingine. Kwa desturi, kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi, usiku sawa na mchana. Katika michoro yangu, kutoka kujaa kwa mchana hadi kwa usiku zilikuwa saa kumi na moja na nusu, na kutoka kwa usiku hadi kwa mchana zilikuwa saa kumi na tatu na zaidi. Hatua fupi, hatua ndefu, mwezi baada ya mwezi. Mtu mwenye akili angesimama hapo na kujiuliza. Mimi nilifurahi. Niliona nimepata kitu ambacho hakuna Mzungu aliyekipata. Nikaandika kurasa arobaini kueleza kwamba upepo wa nchi kavu unaovuma usiku, ukikutana na mwamba wa Kigombe, huyaharakisha maji. Nikatunga milinganyo ya kuthibitisha, nayo ikathibitisha, kwa maana ukiipa milinganyo herufi za kutosha itakubali hata kwamba punda ana pembe.

Nikaituma sura hiyo Uingereza. Majibu yalikuja katika barua ya ukurasa mmoja. Msimamizi alisema mwezi haujui kama Kigombe kuna giza. Alisema vipimo vya mchana ni vizuri mno na vya usiku haviwezekani, na kwamba katika uzoefu wake hali kama hiyo ina maana moja tu: vya usiku vimebuniwa. Ama vimebuniwa na mpimaji, ama na mimi, na angependa kujua ni yupi. Nilipewa mpaka mwisho wa likizo kubwa ya shule. Baada ya hapo jina langu lingefutwa.

Nilisoma barua hiyo nimesimama posta, katikati ya watu. Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni yale maneno, ama na mimi. Nilitafuta mtu wa kumtwika mzigo huo, na wala sikutafuta mbali.

Kesho yake nilikuwa Kigombe. Watu walikuwa wametoka kusali alasiri, na mzee alikuwa amekaa barazani na wenzake watatu.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa mdomo umezoea.

"Marahaba, mwalimu. Karibu kitako."

Sikukaa. Nilimnyooshea karatasi. "Vipimo hivi vya usiku umevipata wapi?"

"Majini."

"Usiku ulikuwa umelala."

"Nani kalala?"

"Wewe. Unalala, ukiamka asubuhi unajaza namba za kichwani. Wamegundua huko Ulaya."

"Ulaya wamenionaje mie nimelala?" akauliza, kwa utulivu, na mmoja wa wenzake akacheka.

Ni kile kicheko kilichonimaliza. Nikasema neno ambalo tangu siku ile sijapata pa kulirudisha. Nilisema, mbele ya wazee wenzake na mbele ya wapita njia ambao aliwafundisha herufi ya kwanza, kwamba sishangai watu wa Kigombe wasiendelee, ikiwa aliyewafundisha maneno ya Mungu asubuhi ni mwongo usiku.

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile saa imefungwa kwenye kitambaa safi. Hakunipa mkononi. Aliiweka chini karibu na viatu vyangu.

"Chukua saa yako," akasema. "Kitabu changu chasema kweli, kama hujui kukisoma hilo lako. Na ukipita hapa, usinipe salamu. Sitaiitika."

Niliinama nikaiokota. Nilirudi mjini nikiwa na hakika kabisa kwamba nimefanya haki.

Likizo ilianza. Nilijaribu kuitupa safu ya usiku nibaki na ya mchana peke yake, msimamizi akajibu kwamba nusu ya bahari si bahari. Nilijaribu kuzivuta zile namba za usiku kwa dakika hamsini ili zikae sawa, kisha nikaona kwamba huo ndio ubunifu wenyewe niliotuhumiwa, nikachana karatasi. Sikula vizuri. Nilimjibu vibaya mama mwenye nyumba, naye akanijibu vibaya zaidi. Nilikwisha anza kutunga barua ya kujitoa, na kila mara nilipofika kwenye sababu nilikuwa naandika kwamba kosa ni la pwani.

Katika siku hizo mwalimu mwenzangu wa shule, mtu wa Pongwe, alikuwa anaoa. Aliniambia nikahi ni usiku wa Ijumaa baada ya isha, nisikose. Sikuwa na hamu ya sherehe, lakini alikuwa mtu pekee shuleni aliyekuwa bado ananisemesha. Nikavaa suti, nikafunga vikombe vya zawadi nyuma ya baiskeli, na Ijumaa jua lilipozama nikashika njia ya Pongwe.

Nilikuta ua umefagiwa. Sufuria kubwa zimelazwa kifudifudi zikauke, na mama mmoja mnene, shangazi wa bwana harusi, alikuwa akisugua ya mwisho kwa majivu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwenye nikahi."

"Marahaba, baba. Nikahi ya nani? Bwana harusi yumo ndani na mkewe tangu jana."

"Aliniambia usiku wa Ijumaa."

"Na ndio jana."

"Jana ilikuwa Alhamisi."

"Mchana wake ndio Alhamisi," akasema, kama anayemwelekeza mtoto njia ya chooni. "Jua likishakuchwa, Ijumaa imeingia. Usiku watangulia, mchana wafuata. Sasa hivi ni usiku wa Jumamosi." Akanitazama na suti yangu. "Nyie huko milimani mwaanza na mchana?"

Nikasema ndiyo, tunaanza na mchana.

"Ajabu," akasema, akaenda kunipakulia pilau iliyobaki.

Nilikuwa nimeishi Ngamiani miaka miwili. Nilikuwa nimesikia usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumatatu mara mia, nikadhani ni mambo yao ya dini, hayanihusu. Nikakaa pale na sahani ya pilau ya baridi mapajani, na safu mbili za daftari langu zikasimama mbele ya macho yangu: Mchana kwanza, Usiku baadaye. Mzee alikuwa ameandika usiku wa Jumanne kwenye mstari wa Jumanne, kama alivyoambiwa. Ila usiku wake wa Jumanne ulikuwa unakuja kabla ya mchana wa Jumanne, na mimi nikausoma kama umekuja baada. Kila usiku wa mwaka ule niliusogeza mbele kwa siku nzima. Na maji, kila siku ipitayo, huchelewa kwa dakika hamsini hivi.

Asubuhi yake niliketi na karatasi mpya. Sikubadilisha namba hata moja. Niliinua safu nzima ya usiku mstari mmoja juu, nikaanza kuchora. Kufika adhuhuri bahari ilikuwa imeacha kuchechemea. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, usiku sawa na mchana. Bamvua, yale maji makubwa, mahali pake, maji mafu, yale madogo, mahali pake, na mwamba wa Kigombe ukichelewesha maji kwa kiasi kile kile ambacho milinganyo yangu ya kwanza, ya kabla ya upuuzi wa upepo, ilikuwa imetabiri. Yalikuwa matokeo mazuri kuliko nilivyoota. Sikufurahi. Nilimchukia yule mzee kwa kuwa sahihi, kisha nikajichukia mwenyewe, na hiyo ya pili haijanitoka.

Ilibaki kueleza. Msimamizi alitaka sura fupi: kosa lilikuwa nini, la nani, lilisahihishwaje. Niliandika mara ya kwanza ukweli, kwamba mtafiti alipanga daftari bila kuwauliza wenyeji siku yao inaanza lini, na kwamba mpimaji alitaka kuuliza akakatizwa. Nilipoisoma niliona jinsi itakavyosomwa Uingereza. Mwafrika aliyekaa miongoni mwa Waafrika wenzake asijue wanahesabuje siku. Nilimwona mtu wa mwandiko mdogo akitabasamu. Nikaichana. Nikaandika tena, kwa Kiingereza safi, sentensi ambayo naijua kwa moyo: kwamba mpimaji, mwenyeji asiyeelimika, alikosea tarehe za vipimo vyote vya usiku, na kwamba mwandishi aligundua kosa hilo na kulisahihisha.

Kwa mara ya kwanza msimamizi alinisifu. Alisema ugunduzi wa kosa lile ni sehemu bora ya kazi yote. Watahini nao wakasema hivyo hivyo. Shahada ilikuja kwa posta katika bomba la karatasi ngumu, na mama mwenye nyumba aliniuliza kama ni ramani.

Sikuweza kukaa nayo kwa amani. Nilikaa miezi, nikijiambia mzee ameshasahau, kisha nikapanda lori nikaenda Kigombe na nakala ya tasnifu iliyojalidiwa kwa kitambaa cha buluu. Nilikuwa nimekusudia kukiri yote. Nasema hivi nikijua atakayeyaamini maneno yangu ni mimi peke yangu.

Alikuwa ndani, kwenye mkeka, anashona kofia.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitika, kama alivyoahidi. Nikavua viatu nikakaa chini bila kukaribishwa. Alishona mstari mzima.

"Nimekuja kukwambia vipimo vyako vilikuwa sawa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na wewe?"

"Nilikosa mimi. Sikujua mnaanza na usiku. Ulitaka kuniuliza nikakukata."

Akaweka sindano chini. Alinitazama kwa mara ya kwanza, na nikaona kwamba amezeeka kuliko mwaka mmoja unavyomzeesha mtu.

"Marahaba," akasema. Alikuwa anaitika salamu iliyokaa mlangoni muda wote huo. "Watu wawili wamenitolea watoto wao chuoni kwa mwanangu kwa neno lako. Wajua?"

Sikujua. Nikasema naomba radhi. Akasema radhi ni ya Mungu, lakini hakulisema kwa ubaya. Kisha akakiona kitabu.

"Ndio hicho? Na hao wa Ulaya, wajua sasa kama mie si mwongo?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

"Wanajua," nikasema.

"Umeandika humo?"

"Nimeandika."

Akapangusa mikono kwenye shuka. "Nisomee."

Nilifungua kwanza majedwali, kuchelewesha. Kiingereza hakukijua, lakini namba alizijua, na aliposhuka nazo kwa kidole alianza kutikisa kichwa akizitambua moja moja, huu usiku wa mvua, huu usiku mjukuu wake alipozaliwa. Kisha akafunua mwenyewe mbele, akanirudishia kitabu. Niliikuta ile sentensi upesi. Nikaitazama, nikasoma kwa Kiswahili kwamba vipimo vyote vya usiku vilichukuliwa na mwalimu wa Kigombe, mtu mwaminifu, na havikuwa na kosa hata moja.

Aliinama juu ya ukurasa.

"Mwaminifu," akasema. "Ni neno lipi hilo? Nionyeshe."

Nilimwonyesha neno lililosema hakuelimika. Aliweka kucha yake chini ya neno hilo, akalishika hapo, na bila kuondoa kidole akamwita mkewe aliyekuwa jikoni aje asikie. Mama yule alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akaketi pembeni ya mumewe, akaniambia karibu, mwanangu, soma. Nikasoma tena, na mara ya pili nilisoma vizuri zaidi.